Husuni Isiyokuwa Ngome: Kasri la Kilwa Kisiwani Jana na Leo



Lugha yetu ina maneno kadhaa ya kutaja jengo lenye nguvu. Tuna boma, tuna ngome, tuna kasri, na tuna neno ambalo siku hizi halisikiki sana midomoni mwa watu, husuni, lililotujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya mahali palipolindwa dhidi ya adui. Anayetaka kuliona neno hilo likiwa limesimama kwa mawe na chokaa hana budi kwenda Kilwa Kisiwani, katika Mkoa wa Lindi, kusini mwa pwani ya Tanzania. Huko yapo magofu mawili yanayokaribiana, moja likiitwa Husuni Kubwa na la pili Husuni Ndogo. Mgeni aliyekwisha kusikia habari za majumba ya wafalme wa Ulaya wa zama za kati hufika akitarajia minara, mahandaki na matundu ya kurushia mishale. Katika Husuni Kubwa hayapati. Hoja yangu leo ni kwamba kutoyapata huko ndiko kunakotufundisha habari za mji huu, na kwamba jina ambalo jengo hilo linaitwa limetupotosha kwa muda mrefu kuhusu nguvu za Kilwa zilikotoka.

Tuanze na jengo lenyewe. Husuni Kubwa imejengwa juu ya genge linaloitazama bahari, mashariki mwa mji wa kale, umbali wa kama kilomita moja na nusu kutoka Msikiti Mkuu. Ina vyumba zaidi ya mia moja. Upande wa kusini kuna ua mpana wa mraba uliozungukwa na vyumba vyembamba vilivyopangika kwa safu, ambavyo wachimbaji wa mambo ya kale wamevieleza kuwa ni maghala. Upande wa kaskazini, kuelekea baharini, ndiko makazi ya mfalme: nyua za ndani zilizoshuka chini ya usawa wa vyumba, ngazi za mawe pembeni mwa ua ambazo watu waliweza kuzikalia wakati wa baraza, birika la kuogea lenye pembe nane, na vyumba vilivyoezekwa kwa kuba na matao. Mwishoni kabisa ngazi pana huteremka gengeni hadi kwenye msikiti mdogo uliokuwa chini, karibu na maji. Hadi karne ya kumi na nne hapakuwa na jengo la mawe lililoikaribia nyumba hii kwa ukubwa katika pwani yote ya Waswahili, na kwa karne kadhaa baadaye halikujengwa jingine la kulingana nalo.

Sasa tujiulize swali la askari. Je, nyumba hii ingelindwaje? Iko mbali na mji, kwa hiyo wenyeji wasingeweza kuikimbilia upesi wakati wa hatari. Upande wa baharini una ngazi zinazomkaribisha mtu, wala si ukuta unaomzuia. Maghala yako upande wa nchi kavu, yaani pale ambapo adui angeanzia. Mjenzi aliyefikiria vita asingeyapanga mambo hivi. Ni dhahiri kwamba aliwafikiria wageni: nahodha anayetoka chomboni apande ngazi, bidhaa ziingizwe uani, zihesabiwe, zitozwe ushuru, kisha mwenye bidhaa akaribishwe barazani. Husuni Ndogo, iliyo ng'ambo ya korongo, ni jambo jingine. Hiyo ina ukuta mnene wa mstatili wenye minara, na kwa umbo lake inastahili jina la ngome. Lakini ndani yake hamna majengo ya maana, na wataalamu hawajakubaliana ilikuwa ya kazi gani. Hivyo, kati ya husuni mbili, ile inayofanana na ngome ni tupu, na ile iliyojaa maisha haifanani na ngome hata kidogo.

Mfalme anayehusishwa na Husuni Kubwa ni al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali, aliyetawala katika miongo ya mwanzo ya karne ya kumi na nne. Kipande cha maandishi ya kuchongwa kilichopatikana katika magofu hayo kina jina lake pamoja na cheo cha kifalme cha al-Malik al-Mansur. Tarikh ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu inasimulia kwamba akiwa kijana alikwenda Aden kusoma, akakaa huko miaka miwili, akaendelea hadi Makka kuhiji, na aliporudi nduguye Daud aliyekuwa akishika nafasi yake akamwachia kiti. Marehemu Neville Chittick, aliyeichimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yake katika majuzuu mawili mwaka 1974, aliona kuwa ujenzi huenda ulianza kabla ya mfalme huyu. Mwanahistoria John Sutton, katika makala yake ya mwaka 1998, aliuweka mradi mzima katika enzi ya al-Hasan mwenyewe, baada ya kurudi kwake kutoka hija, pamoja na upanuzi mkubwa wa Msikiti Mkuu. Mimi naegemea upande wa Sutton. Birika la pembe nane, kuba, na nyua za kukalia ni mawazo ya mtu aliyeona majumba ya ng'ambo, akarudi kwao na mchoro kichwani na dhahabu mkononi.

Dhahabu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka Sofala, katikati mwa pwani ya Msumbiji ya leo, nayo Sofala iliipata kutoka nyanda za juu za Zimbabwe. Pepo za msimu ndizo zilizoifanya Kilwa kuwa kituo. Chombo kinachotoka Uarabuni au Gujarati kingeweza kufika Kilwa na kurudi kwao katika mzunguko wa kaskazi na kusi wa mwaka mmoja, lakini kusonga mbele hadi Sofala kulihatarisha kukwama msimu mzima. Kwa hiyo wenyeji wa Kilwa walileta dhahabu na pembe za ndovu hadi bandarini kwao, wakazibadilisha na nguo, shanga na vyombo vya udongo. Mwaka 1971 sarafu moja ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Ni kitu kidogo kisichozidi ukucha wa kidole gumba, lakini kinaifunga njia yote hiyo kwa fundo moja. Zipo pia sarafu za dhahabu za mfalme huyo huyo, ingawa zinazojulikana ni chache mno, na hazikupatikana Kilwa bali katika eneo la Zanzibar.

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, aliwasili Kilwa kutoka Mombasa, na mfalme aliyemkuta ni huyu huyu. Anatuambia kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa sababu ya ukarimu wake. Kisa anachokisimulia kinafaa kuelezwa kwa maneno yetu. Fakiri kutoka Yemen alimsimamisha mfalme baada ya sala ya Ijumaa akamwomba nguo alizozivaa. Mfalme akaingia katika nyumba ya khatibu, akazivua, akavaa nyingine, akampa. Mrithi wa ufalme akazirudisha nguo zile kwa kumlipa fakiri watumwa kumi, na mfalme alipoona watu wamesifu tendo hilo akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Kisa hiki hunukuliwa mara nyingi kama sifa ya ukarimu. Ni haki kukisoma pia kwa macho ya wale watumwa ishirini, ambao hawakutajwa kwa jina wala hawakuulizwa. Lakini kwa hoja yetu ya leo kuna jambo jingine: mfalme huyu alitawala kwa kutoa. Heshima yake ilitegemea kuonekana akiwapa masharifu, wanazuoni na wageni, na mtu wa namna hiyo huhitaji ua wa kupokelea watu na ghala la kutolea vitu. Ndivyo ilivyo Husuni Kubwa.

Ibn Battuta anasema pia kwamba nyumba za Kilwa zilikuwa za mbao. Sentensi hii imewasumbua watafiti, maana mfalme aliyemtembelea ndiye aliyekuwa na jumba kubwa la mawe kuliko yote pwani. Baadhi yao wamejaribu kusahihisha nakala ya Kiarabu ili msafiri asionekane amesema uongo. Sioni haja hiyo. Uchimbaji umeonyesha kwamba watu wengi wa miji yetu ya kale waliishi katika nyumba za miti na udongo, na kwamba nyumba za mawe, hata katika enzi ya fahari, zilikuwa za wachache. Msafiri aliueleza mji, hakulieleza jumba. Sisi tunaotembelea magofu ndio tunaosahau, kwa kuwa udongo umerudi kuwa udongo na mawe tu ndiyo yaliyosalia kutusimulia.

Na mawe hayo hayakujipandisha gengeni. Nyumba ya pwani hujengwa kwa matumbawe. Yale magumu huvunjwa nchi kavu kwa ajili ya kuta. Yale laini hukatwa baharini yakiwa mabichi, yakachongwa miimo ya milango na mapambo kabla hayajakauka na kuwa magumu. Chokaa hupatikana kwa kuyapanga matumbawe juu ya rundo kubwa la kuni na kuyachoma, kisha unga wake huachwa ukomae. Boriti za mikoko ndizo zinazobeba dari, na urefu wake ndio uliopima upana wa chumba cha Mswahili kwa karne nyingi: ndiyo maana vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba. Mjenzi wa Husuni Kubwa alijaribu kulishinda sharti hilo kwa kuba na matao. Mtu akipiga hesabu ya kuni zilizochomwa, ya maji ya kukoroga chokaa, ya vikapu vilivyopandishwa kutoka ufukweni, ataona jeshi la wafanyakazi ambao hakuna tarikh iliyowataja. Katika mihadhara yetu huwa tunauliza nani alikuwa mfalme. Nadhani swali la nani alichoma chokaa ni gumu zaidi na lina faida zaidi.

Hapa hatuwezi kulikwepa swali ambalo kila mgeni huuliza: waliojenga walikuwa akina nani? Tarikh ya Kiarabu, pamoja na muhtasari uliochapishwa na Mreno João de Barros mwaka 1552, zinasimulia kuja kwa Ali bin al-Hasan kutoka Shiraz. Masimulizi ya Kiswahili ya wenyeji, yaliyochapishwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, yanaanza kwingine. Yanaanza na watu waliokuwepo kisiwani na mkuu wao Mrimba, ambaye mgeni alikinunua kisiwa kwake kwa nguo. Watafiti wa enzi ya ukoloni walishika ule upande wa Shiraz wakauacha wa Mrimba, na matokeo yake ni kwamba mpaka leo wapo wanaosema majengo haya ni ya Waarabu au Waajemi. Utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani, Kilwa ikiwemo, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, ulionyesha kwamba tangu karibu mwaka 1000 watu wa miji hii walikuwa na damu iliyochanganyika, upande wa kike ukiwa kwa sehemu kubwa sana wa Kiafrika na upande wa kiume ukiwa na asili kubwa ya Kiajemi. Masimulizi yote mawili, basi, yalikuwa na la kusema. Lugha iliyosemwa nyumbani, hata hivyo, ilikuwa ya akina mama, nayo ndiyo tunayoisema hapa.

Turudi kwenye kasri. Husuni Kubwa haikumalizika. Zipo sehemu zilizoachwa kabla ya kukamilika, na mabaki yaliyochimbwa yanaonyesha kwamba watu waliishi humo kwa muda mfupi, pengine kizazi kimoja au viwili. Baba wa vipawa alipofariki, nduguye Daud alitawala kwa mwenendo uliokuwa kinyume: Ibn Battuta anaeleza kwamba mwombaji alipomjia, alijibiwa kuwa aliyekuwa akitoa amekwisha kufa na hakuacha cha kutolewa. Huenda jibu hilo lilikuwa ubahili. Huenda pia lilikuwa hesabu ya kweli ya hazina baada ya ujenzi wa namna ile. Wanahistoria kadhaa wamehusisha mdororo uliofuata na kushuka kwa haja ya dhahabu duniani wakati wa tauni ya katikati ya karne ya kumi na nne. Lakini mji haukufa. Msikiti Mkuu ulioporomoka ulijengwa upya katika karne ya kumi na tano, na nyumba za mawe za Songo Mnara, kisiwa cha jirani, nyingi ni za kipindi hicho cha pili. Kilwa iliweza kuishi na kustawi bila kasri lake, jambo ambalo mji uliotegemea ngome usingeliweza.

Waliotaka ngome walikuja baadaye. Vasco da Gama alidai kodi kutoka Kilwa mwaka 1502, na mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka na kuupora mji, akamweka mtawala aliyemtaka. Wareno walipotafuta mahali pa kujihifadhi hawakwenda Husuni Kubwa. Walijenga ngome yao ufukweni, mbele ya mji, wakaiita Santiago. Waliihama mwaka 1512, kwa kuwa waliyoifuata, yaani biashara, ilikwisha kuwakimbia. Jengo tunaloliona leo mahali hapo kwa sehemu kubwa ni la Waomani wa karibu mwaka 1800, na linaitwa Gereza. Wanafunzi wa lugha wanajua kwamba neno hilo latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Lilihamia kwenye ngome iliyokuwa na kanisa ndani yake, kisha likahamia kwenye jela, na Ngome ya Yesu kule Mombasa, iliyotumika kama jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, iliipitia njia hiyo yote. Kati ya husuni na gereza kuna karne kadhaa, na kuna tofauti ya falsafa: moja ilijengwa ili watu waingie, nyingine ili wasiingie, na hatimaye ili wasitoke.

Ipo pia Makutani, jumba lililozungushiwa ukuta magharibi mwa mji, ambalo lilipanuliwa katika karne ya kumi na nane. Hiyo ilikuwa fahari ya aina nyingine. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa elfu moja kila mwaka. Anayeyasifu mawe ya Makutani ayasifu akijua hilo.

Leo mgeni huanzia Kilwa Masoko. Kutoka Dar es Salaam hupita Kibiti, huvuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na hukata kushoto Nangurukuru. Kibali cha kuyatembelea magofu huchukuliwa Masoko kabla ya kuvuka, na chombo, kiwe cha tanga au cha mashine, hutua kisiwani chini ya Gereza. Wengi huona Gereza, Msikiti Mkuu na Makutani, wakachoka, wakarudi. Napendekeza kinyume chake: aende kwanza Husuni Kubwa asubuhi, jua halijawa kali, maana njia ya miguu ni ndefu kiasi na genge lina mpando. Achukue maji ya kunywa. Aongozane na mwenyeji wa kisiwa, kwa kuwa bila yeye ua mmoja hufanana na mwingine, na asimame kwanza katika ua wa kusini kabla ya kuvutwa na birika, ambalo ndilo kila mtu hulipiga picha. Katika ua ule, kwenye vyumba vile vyembamba visivyo na pambo, ndimo jengo zima lilimopata uhai wake. Akumbuke pia kwamba kisiwa ni makazi ya wavuvi na wakulima wenye misikiti yao na makaburi yao, na kwamba si uwanja wa magofu peke yake.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ziliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa ikila kingo za kisiwa, mizizi ikipasua kuta, na mvua ikiozesha chokaa. Ziliondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kukarabati kuta, kujenga vizuizi vya mawimbi na kupanda mikoko ufukweni. Wenyeji ndio waliochimba, waliokoroga chokaa na waliopanda. Hatari yenyewe haikuondolewa pamoja na jina, kwani bahari hupanda. Na hapa Husuni Kubwa imo katika hali ngumu kuliko majengo mengine, kwa sababu ile ile iliyoipa thamani: imewekwa kwenye ukingo ili ipokee vyombo. Sehemu inayoelekea majini, yenye ngazi zile za wageni na msikiti ulio chini yake, ndiyo ya kwanza kupigwa na mawimbi. Anayetaka kuziona ngazi hizo avizie maji yakiwa yamekupwa, ashuke polepole, na asikanyage mawe yaliyolegea, maana kila moja linalong'oka huchukuliwa na maji kabla ya msimu kwisha.